Semina ya kusimulia visa kwa vikundi vya hisani, Tanga: je, inafaa ada yake?

Semina ninayoitathmini hapa hufanyika mwishoni mwa wiki katika ukumbi mdogo wa ghorofani huko Chumbageni, Tanga, na imekusudiwa vikundi vya hisani, kamati za misikiti na makanisa, na vyama vidogo visivyo na uwezo wa kumwajiri mtu wa kuviandikia maombi ya misaada. Ada ni shilingi 45,000 kwa mtu mmoja, au shilingi 100,000 kwa kikundi kinacholeta watu watatu, na ndani yake mna chai ya asubuhi, chakula cha mchana na kijitabu cha mazoezi. Jina la ofisi inayoiendesha silitaji, kwa kuwa ninayo ya kulaumu pamoja na ya kusifu, na waendeshaji wenyewe ni wachache mno kiasi kwamba lawama yoyote ingemwangukia mtu anayejulikana kwa sura. Niseme mapema kwamba semina inafaa ada yake kwa kikundi ambacho hakijawahi kuandika ombi likajibiwa. Hata hivyo, somo lake linakomea pale ambapo sehemu ngumu ya kazi yetu huanzia, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Ili msomaji aelewe napimia wapi, kikundi chetu hakifanyi mambo mengi. Tunachangisha nauli na fedha ya chakula kwa wazazi wanaowaleta kliniki ya mjini watoto waliozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani, hali inayompata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Tiba yake inajulikana. Kwa njia iliyoasisiwa na daktari Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta ngumu, na plasta hiyo hubadilishwa kila wiki kwa muda wa wiki tano hadi nane hivi. Mara nyingi hufuata mkato mdogo wa kano ya kisigino na plasta ya mwisho ya wiki tatu, kisha mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baada ya hapo wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka minne au mitano. Kinachowashinda wazazi wa Maramba au wa vijiji vya ndani ya Pangani ni basi. Kwenda na kurudi kila wiki na mtoto mapajani, kwa mtu ambaye kipato chake ni cha mwani au cha shamba la mihogo, ndiko kunakomfanya akate tamaa akiwa kwenye plasta ya tatu. Hatukugundua jambo jipya: hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza miaka mingi iliyopita kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa, baada ya kuona kwamba matibabu ya bure hayamfai mtu asiyeweza kuyafikia.

Ombi letu, kabla ya semina, lilikuwa barua ya aina ambayo kila mwenye duka katika barabara za Ngamiani anayo rundo lake chini ya droo. Inaanza kwa "YAH: OMBI LA MCHANGO", inaendelea kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inaeleza kikundi kilisajiliwa lini na kina wanachama wangapi, linakuja jedwali la mahitaji, halafu inafunga kwa matumaini kwamba ombi litapokelewa kwa mikono miwili, na mhuri umegongwa juu ya saini ya katibu. Mwalimu wa semina, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi redioni, aliomba kila kikundi kitoe barua yake; akaichukua yetu na kuisoma kwa sauti ya taarifa ya habari, bila kuongeza wala kupunguza. Watu walicheka, katibu wetu naye akacheka. Kisha akamgeukia: "Bi. Katibu, katika barua hii yote, mtoto yuko wapi?" Katibu akapekua. Mtoto alikuwa katika safu ya tatu ya jedwali, chini ya "idadi ya walengwa", kati ya bei ya nauli na jumla kuu.

Sehemu hiyo ya semina sina neno la kuipinga. Hakuna aliyedharauliwa, na hata vikundi vilivyokuja na maombi mazuri zaidi viliona kwamba barua zetu zote zimeandikwa kwa hofu ya ofisi, kana kwamba anayesoma ni afisa wa kata anayetafuta kasoro, ilhali msomaji wetu ni muuza vitambaa ambaye angependa kujua nani anaumwa na sisi tunataka nini kwake.

Muda uliobaki wa asubuhi ulitumika kueleza kwa nini habari ya mtu mmoja huufungua mkono wa mtoaji kuliko idadi ya maelfu, na hapa mwalimu hakutegemea maneno matupu. Alitueleza utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic uliochapishwa mwaka 2007, ambamo watu nchini Marekani walilipwa dola tano kwa kujaza dodoso lisilohusiana na misaada, kisha wakapewa ombi la kuchangia shirika la Save the Children kutoka katika fedha ileile. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye umri wa miaka saba walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za njaa katika nchi kadhaa za Afrika walitoa dola 1.14. Kundi lililopewa msichana na takwimu kwa pamoja ndilo lililozusha minong'ono ukumbini, maana wengi wetu tulitarajia litoe zaidi ya yote, nalo likatoa dola 1.43; takwimu zilimpunguzia msichana badala ya kumwongezea.

Mzee mmoja wa kamati ya msikiti aliinua mkono akauliza kama maana yake ni kwamba idadi isitajwe kabisa. Alijibiwa kwamba idadi ina mahali pake, nayo ni ukurasa wa pili, kwa mtu ambaye amekwisha kuamua kutoa na sasa anataka kuhakikisha kwamba fedha yake haitamezwa. Jibu lilikuwa zuri, ila mwalimu aliiacha sehemu nyingine ya utafiti huo, ambayo kwangu ina uzito zaidi. Watafiti waliwafundisha baadhi ya washiriki kuhusu tabia hii ya kumhurumia mmoja na kuwasahau wengi, wakitumaini kwamba watawaongezea wale wengi. Hawakuwaongezea, walichofanya ni kumpunguzia yule mmoja. Kwa mchangishaji hilo ni onyo, kwa sababu mtoaji akishaanza kuwaza juu ya namna anavyovutwa, hurudisha mkono mfukoni, na mji ambao watu hupokea maombi ya michango kila siku una watoaji wengi waliokwisha kufika hapo.

Zoezi la mchana ndilo lililobeba semina. Kila kikundi kilipewa maswali ya kujibu kabla ya kuandika mstari wowote: mtu huyu ni nani kabla hajawa mhitaji, anataka nini, ni kitu gani kinamzuia, na fedha inayoombwa inaondoa kizuizi kipi hasa. Swali la kwanza linaonekana jepesi, nalo ndilo lililotutoa jasho. Tuliandika "mama maskini mwenye mtoto mlemavu", mwalimu akapiga mstari juu yake na kusema kwamba hapo tumemwelezea kila mtu na hatujamwelezea yeyote. Tukajaribu tena, tukapata "mama mvumilivu", nalo likapigwa mstari. Hatimaye akamgeukia mwanachama wetu ambaye kazi yake ni kuwapokea wazazi stendi ya Kange na kuwapeleka kliniki, mwanamke ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia neno, akamwomba asimulie anavyomwona mzazi mmoja tu akishuka kwenye basi.

Alisimulia bila kalamu. Mama anashuka mwisho, kwa sababu anangoja wenye haraka wapite ili mguu wa mtoto usigongwe mlangoni. Kipindi cha mvua anakuwa na kanga tatu: ya kwanza ameivaa, ya pili amembebea mtoto, na ya tatu ameizungushia plasta, maana plasta ikilowa italegea na wiki nzima imekwenda bure. Ana nauli ya kuja. Ya kurudi ataikopa kwa konda, na konda amekwisha kumzoea, anamwandika nyuma ya kitabu cha tiketi, tarehe na kiasi, na kuna siku madeni yalikuwa manne yakifuatana. Shambani kwake analima mwani, na siku ya kliniki huangukia wakati mwingine kwenye bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali na kazi ya mwani ndipo hufanyika, hivyo akija kliniki anapoteza mara mbili.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na habari ya kitabu cha tiketi. Mwalimu aliandika ubaoni "deni kwa konda" na kusema kwamba ombi letu limepatikana, kwa sababu mtoaji akisikia hilo haulizi tena fedha ni ya nini. Sentensi tulizoondoka nazo ni chache na hazina kilio: zinamtaja mkulima wa mwani anayekuja mjini kila wiki kubadilishiwa mtoto plasta, zinaeleza kwamba nauli ya kurudi huandikwa nyuma ya kitabu cha tiketi, na zinaomba fedha ya kufuta deni hilo na kulizuia lisiandikwe tena hadi plasta ya mwisho. Tangu hapo ndizo tunazozituma kwa watu, na zinasomwa. Kwa hilo pekee ada yetu imerudi.

Baada ya chakula mwalimu aliingia ukumbini akisema "Paukwa!", nasi tukaitikia "Pakawa!" kwa sauti kubwa kuliko ya asubuhi. Alikusudia kutukumbusha kwamba kusimulia si elimu ya kigeni kwetu, na hiyo ni kweli, ingawa mlingano wake si kamili. Ngano za pwani huyasema mambo ya jirani kwa kinywa cha sungura na fisi, na kanga huyasema kwa fumbo ili mlengwa aelewe na mpita njia asielewe. Ustadi wetu wote wa kusimulia umejengwa juu ya kutomtaja mtu. Habari ya hisani inadai kinyume chake. Inataka uso, inataka kijiji, na ikiwezekana jina. Yule mzee wa msikiti alilisema hilo kwa njia yake, akitaja aya ya 271 ya sura ya Al-Baqara, kwamba kuidhihirisha sadaka ni vyema, na kuificha mkiwapa mafakiri ni bora zaidi.

Mwalimu alijibu kwa adabu: "Mzee wangu, aya inamzungumzia mtoaji. Anayepokea naye ana siri yake, na sisi hatuna ruhusa ya kuitoa kwa niaba yake." Kuanzia hapo mjadala wa stara ukachukua muda mrefu kuliko ulivyopangwa, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa wa haki zaidi katika semina nzima. Alitupitisha haraka katika historia: taarifa za BBC kuhusu njaa ya Ethiopia mwezi Oktoba 1984, matamasha ya Live Aid ya London na Philadelphia tarehe 13 Julai 1985, na picha za watoto wenye mbavu zilizohesabika ambazo zilikusanya fedha nyingi na kuacha duniani sura moja tu ya Mwafrika. Alitaja kanuni za maadili ya picha na ujumbe ambazo mashirika ya Ireland yaliyo chini ya mwavuli wa Dóchas yalizipitisha, na video ya kejeli ya wanafunzi wa Norway ya mwaka 2012, ambamo Waafrika wanawachangia Wanorwe vipasha joto kwa sababu wanaumia na baridi. Video hiyo iliwachekesha watu, kisha ikawanyamazisha, maana mmoja wa wanavikundi alikuwa na picha ya mtoto anayelia kwenye bango lake la pembeni ya mlango.

Upande wa sheria ulipitiwa kwa ufupi unaotosha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda heshima na faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Kikundi kinachorusha kwenye simu picha ya mtoto pamoja na jina la ugonjwa wake hakiwezi kujitetea kwamba nia yake ilikuwa njema.

Ila dawa iliyotolewa haikunitosheleza. Kijitabu kina fomu ya ridhaa yenye nafasi ya jina, saini au dole gumba, na tarehe, na tukaambiwa tuitumie. Mtu anayesubiri nauli mkononi mwako hawezi kukukatalia saini. Hata asipoombwa kwa shuruti, shuruti imo katika hali yenyewe, na kadiri anavyokuwa na adabu ndivyo atakavyosaini upesi zaidi. Tulipendekeza, na mwalimu alikubali, kwamba ridhaa iombwe na mtu mwingine asiyegawa fedha, baada ya msaada kutolewa, na kwamba maneno yenyewe asomewe mhusika mbele ya ndugu yake, akiwa na haki ya kuondoa lolote. Kuhusu kuziba uso kwenye picha, naliona jambo la mijini. Kijijini mtu hutambulikana kwa mlango wa nyumba yake, kwa kanga yake na hata kwa baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kwa hiyo picha ya uso uliozibwa humficha kwa wageni tu na kumwanika kwa wale hasa ambao angependa wasijue. Sisi tumeamua kupiga picha ya viatu. Vimeunganishwa kwa chuma chake, vidogo, na aliyeviona mara moja huuliza mwenyewe vinavaliwaje.

Viatu hivyo ndivyo vinavyonileta kwenye upungufu mkubwa. Semina inafundisha kwamba habari ina mwanzo, ina kizuizi, ina msaada na ina mwisho mwema, na kijitabu kina ukurasa mzima wa picha mbili mbili, ya kabla na ya baada. Kwa kisima au darasa lililoezekwa mabati mtindo huo hauna madhara makubwa. Kwa mguu kifundo una madhara. Baada ya plasta ya mwisho mguu umenyooka, mtoto anapendeza, na kila aliyechanga anataka kuiona picha hiyo. Ukimtumia, atashukuru, atasema alhamdulillahi, na ataliondoa jambo hilo moyoni mwake. Wakati huohuo kuna miaka minne iliyobaki ya viatu vya usiku, ya kurudi kliniki kupimwa, ya kubadilisha namba ya kiatu kila mguu unapokua, na ya mtoto anayelia usiku wa manane akitaka kuvuliwa. Mzazi akiviacha viatu, mguu una tabia ya kurudia kupinda, na hapo plasta zinaanza upya. Nauli ya plasta tumekuwa tukiipata. Nauli ya kiatu hakuna anayeitoa kwa moyo, kwa sababu kwa mtoaji habari imekwisha, na ni sisi tuliomwambia imekwisha.

Nilimuuliza mwalimu namna ya kusimulia jambo lisilo na kilele. Jibu lake lilikuwa kwamba tutafute mtoto mwingine, mpya, na kuanza tena. Kama mbinu ya kukusanya fedha, linafanya kazi. Kama namna ya kuwatunza watoto waliokwisha kuhudumiwa, linatuelekeza kwa wageni wakati wenyeji bado wanatuhitaji, na nina hakika vikundi vinavyohudumia wenye kisukari, wenye kifafa, au wanafunzi wanaolipiwa mahitaji ya shule mwaka hadi mwaka vimeliona tatizo hilohilo. Nilitarajia mtu wa redio, aliyezoea michezo ya kuigiza inayoendelea wiki baada ya wiki, awe na la kusema juu ya masimulizi marefu yanayomfanya msikilizaji arudi. Hakuwa nalo, au hakupata muda.

Upungufu wa pili unatokana na msomaji aliyekuwa akifikiriwa. Mifano yote ya kijitabu inamhutubia mtoaji wa mbali, ambaye hajui umaskini wa huku unafananaje na anahitaji kuonyeshwa. Vikundi vingi vilivyokuwa ukumbini haviishi kwa mtoaji huyo. Vinaishi kwa mwenye duka, kwa mwalimu mstaafu, kwa mtoto wa mji aliye Dar es Salaam au Maskati anayekumbuka kwao, na kwa akina mama wanaopitisha kapu. Watu hawa hawana haja ya kuelezwa nauli ya Maramba. Wengine wamekulia hukohuko. Wanachotaka kujua, hata kama hawatamki, ni nani ameshika fedha, na zile za mara iliyopita zilikwenda wapi.

Sisi sote tumekaa kwenye kamati za harusi, na tunajua zinavyofanikiwa kukusanya mamilioni kwa wiki chache bila kumliza mtu yeyote. Kila usiku orodha inarushwa kwenye kundi la simu: aliyeahidi, aliyetimiza, aliyebakiza, jumla, na jina la mweka hazina chini yake pamoja na namba ya kupokelea. Mtu akituma shilingi 10,000 saa mbili, saa tatu anaiona. Orodha hiyo nayo ni masimulizi, yana wahusika, yana ushindani kidogo, na yana mwisho ambao kila mtu atakula pilau yake. Semina haikuigusa hata kwa sentensi moja. Kipindi cha mrejesho, yaani namna ya kumweleza aliyechanga kilichotokea baada ya fedha yake kufika, kiliwekwa mwisho kabisa, wakati watu wa Muheza na Pangani walikwisha anza kutazama saa kwa ajili ya mabasi, na kilipitiwa kwa kusoma vichwa vya habari tu. Kwa kikundi cha Tanga ningekiweka kipindi hicho asubuhi, kabla hata ya yule msichana wa Mali.

Mambo mengine nayataja kwa haraka. Ukumbi una feni mbili na moja haizunguki, kwa hiyo wahi viti vya dirishani. Chai ilikuja na maandazi ya moto, na wali wa nazi kwa samaki wa mchana haukuwa wa kubahatisha. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri katika kurasa za mwanzo na kwa Kiswahili cha tafsiri katika kurasa za mwisho, ambako kuna sentensi zinazohitaji kusomwa mara mbili. Zoezi la kupiga video kwa simu lilikuwa la juujuu, na asiye na simu nzuri alikaa kutazama wenzake. Stakabadhi ya ada ilitolewa papo hapo bila kuombwa, jambo ambalo kwa watu wanaofundisha uaminifu wa fedha lilinifurahisha.

Tulipoaga, tulimweleza mwalimu kuhusu viatu na kuhusu mrejesho. Hakubishana, aliandika kwenye daftari lake na kusema kwamba awamu ijayo kipindi hicho kitapewa muda wa kutosha. Anayekusudia kujiandikisha na aulize kwanza kama kweli kimepewa, kwa sababu kwa kikundi kinachochangisha hapahapa mkoani jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama shilingi 100,000 ni ghali au ni rahisi. Nafasi za watu watatu nazo zisigawanywe kwa vyeo. Apelekwe anayeandika barua, apelekwe anayekutana na wahitaji uso kwa uso hata kama si mzungumzaji, na nafasi ya tatu apewe mweka hazina, ambaye kwenye meza nyingi siku ile hakuwapo.